Nimeshinda kesi ya madai madogo lakini jamaa hataki kulipa, naanzia wapi?

mama_mahema

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Naomba mnisaidie kimawazo maana nshachoka na usiku silali vizuri. Mimi nakodisha viti, mahema na masufuria ya shughuli huku Kisauni, Mombasa, nlianza na viti hamsini vya plastiki saa hii nna mia sita na mahema manane. Kuna bwana mmoja ni muandalizi wa shughuli, harusi, pati za maofisi, alikuwa achukua vitu kwangu kwa mdomo na WhatsApp tu, mwanzo alilipa vizuri sana hata kabla gari halijashusha, baadae ikawa nitalipa wiki ijayo, nitalipa bwana harusi akinimalizia, shughuli saba zikapita hivohivo na deni likafika 148,500.

Nikampeleka korti ya madai madogo hapa mjini. Loya sikuwa nae, nilienda na mazungumzo ya WhatsApp nimeyachapisha, karatasi ambazo watu wake walikuwa watia sahihi wakipokea viti, na taarifa ya M-Pesa ya zile alizowahi kulipa. Yeye akaja akasema viti vyengine vilikuwa vimevunjika, adjudiketa, yule mwamuzi wa korti hiyo, akamuuliza picha ziko wapi akawa hana. Hata miezi miwili haikufika hukumu ikatoka, nilipwe zote na gharama juu, jumla 156,200. Siku hiyo nilitoka nje nikanunua madafu nikawapa mpaka watu nisowajua.

Sasa huu ni mwezi wa tano tangu hukumu itoke. Nikimpigia hashiki, nikimtumia ujumbe hunijibu "korti si imekupa karatasi, ichemshe unywe", wallahi ndo maneno yake. Juzi kanambia nikitaka atanipa elfu mbili kila mwezi. Nilirudi kortini nkidhani wao ndo wamfuata mtu, kijana pale kaunta akaniuliza mama ushatoa dikrii, nikamwambia hukumu si hii hapa, akasema hukumu si dikrii. Nikashika njia nikarudi nyumbani.

Nnachojua kumhusu: amepanga nyumba Bamburi, aendesha Probox lakini nasikia iko kwa jina la mke, ana spika kubwa na mataa ya shughuli kwenye stoo, na ana till ya M-Pesa ya kulipiwa. Shamba au kiwanja sijui kama anacho. Nitafute madalali wa korti wakamate mali yake? Na kuna mtu kanambia naweza kumfungisha, ni kweli au ni maneno ya baraza?

mtu_wa_bara_na_pwani

Tafuta vijana wanne wa maskani wakachukue hizo spika usiku, asubuhi atakuja na pesa mkononi. Korti za nini dada.

fundi_aluminiamu

@mtu_wa_bara_na_pwani hiyo fikra iwache hapohapo. Ukichukua vitu vya mtu bila waranti, yaani hati ya korti ya kukamata, yeye ndiye atakwenda polisi akuripoti wizi na ghafla wewe mwenye haki ndio uko seli, nimeona ikitokea Magongo kwa mtu nnayemjua.

Dada pole. Mimi nilipitia hiyo safari, nilimtengenezea mtu madirisha akabaki na 91,000 yangu, nikashinda, nikakimbilia dalali siku ileile bila kuuliza chochote. Nikuambie ilivyokwenda ujifunze kwa hasara yangu. Dalali akaenda nyumbani kwa yule jamaa akaandika orodha ya mali, ile wanaita prokalamesheni, karatasi ninayo mpaka leo: sofa seti moja kuukuu 12,000, TV inchi 32 shilingi 6,000, friji "haikujaribiwa" 4,000, meza ya kioo ina ufa 1,500. Basi. Jumla 23,500 kwa deni la 91,000. Zile siku saba anazopewa mdaiwa alipe kabla vitu havijachukuliwa, jamaa alikuwa ananicheka tu. Vitu vikachukuliwa vikapigwa mnada vikaenda kwa bei ya chini zaidi ya hapo, na ada ya dalali, ya lori, ya stoo na ya tangazo la gazeti ikameza yote na nikadaiwa mimi nimalizie. Kanuni za madalali ziko hivyo, kwa kawaida ada analipa mdaiwa lakini mali ikikosekana au ikiuzwa isitoshe basi aliyemtuma dalali ndiye anayelipa. Hili hakuna aliyeniambia. Kwa hivyo kabla hujatuma mtu jiulize kwanza huko ndani kuna nini cha kuuzika.

karani_mstaafu

Bi mkubwa, pole na hongera kwa pamoja maana kushinda bila wakili si jambo dogo. Nimekaa rejista za korti miaka mingi kwa hivyo nitakueleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watu dirishani, wengi walikuwa wakija wamekasirika kama wewe na wengi walikuwa wanadhani adjudiketa akishasema "alipwe" kuna askari anaondoka na faili kwenda kuchukua pesa. Hakuna. Korti inakupa nguvu ya kukamata lakini haikutafutii cha kukamata. Hiyo ni kazi yako.

Yule kijana alikuwa sahihi ingawa angeweza kukuelekeza kwa upole. Hukumu ni yale maelezo, nani kasema nini na kwa nini umeshinda. Dikrii ni karatasi fupi inayotolewa juu ya hukumu, ina majina ya wadau, tarehe, kiasi, riba kama ilitolewa, na muhuri. Bila dikrii hakuna waranti na dalali hatakusikiliza. Unaomba kwenye faili ileile ya kesi, na kwa kuwa siku hizi mambo yote ni mtandaoni, mfumo wa kufaili ulipelekwa nchi nzima mwezi wa tatu 2024, unaweza kuomba ukiwa nyumbani kwako na malipo yanapita eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Kama inakutatiza nenda saiba yenye kijana anayejua, wapo wengi karibu na korti, lakini usimwachie nenosiri lako.

Angalia jambo moja kabla ya yote: jina kwenye dikrii. Ulimshtaki yeye kwa jina la kitambulisho au ulishtaki jina la biashara? Nimeona watu wakishinda dhidi ya "Fulani Ivents" halafu hakuna mtu wala kampuni yenye jina hilo popote, ni jina la kwenye fulana tu.

Kuhusu hizo elfu mbili. 156,200 ukigawa kwa elfu mbili ni miezi 78, yaani miaka sita na nusu. Mtoto wa chekechea atakuwa yuko karibu kumaliza shule ya msingi. Kulipa kwa awamu kupo kisheria, korti inaweza kumruhusu akitoa sababu ya maana, lakini si yeye wa kujipangia kwa WhatsApp. Akija na ofa ya kweli, tuseme nusu sasa na nusu kwa miezi minne, muandike makubaliano, myatie sahihi wote wawili, mfaili kortini yawe amri, na humo ndani iwemo sentensi kwamba akikosa awamu moja tu deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Ya mdomo msikubaliane tena, si ndiyo yaliyokufikisha hapa.

Sasa mali. Sheria ya mwenendo wa madai, kifungu cha 44, ina vitu havikamatwi: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na vifaa anavyohitaji kwa kazi yake. Hizo spika na mataa atasema ni vifaa vya kazi, na huenda akasikilizwa. Sofa na TV haziko kwenye kinga lakini umesikia hadithi ya fundi hapo juu.

Kwa hivyo mimi nikuulize swali ambalo nilikuwa namuuliza kila mtu: huyu bwana yeye anamdai nani? Muandalizi wa shughuli siku zote kuna mtu hajammalizia. Akiwa na mteja mkubwa anayelipa mwisho wa mwezi, hoteli, kampuni, shule, basi huna haja ya kwenda kuhesabu masofa Bamburi. Kuna njia inaitwa ganishii, Amri ya 23 kwenye zile kanuni za mwenendo wa madai za 2010. Unaomba korti imwambie yule anayedaiwa na mdaiwa wako asimlipe yeye, akulipe wewe. Inakuja kwa hatua mbili. Kwanza amri ya muda inayoshika pesa pale zilipo, ukishaipeleka kwa yule mlipaji hawezi kumpa mdaiwa wako hata shilingi. Halafu siku ya kusikilizwa mlipaji anakuja kusema nadaiwa kiasi fulani au sidaiwi, na kama anakubali amri inakuwa kamili. Benki pia inaingia humohumo kwa sababu pesa ya akaunti ni deni la benki kwa mteja. Ila lazima ujue ni benki gani, korti haitakutafutia.

mama_mahema

@karani_mstaafu Mungu akuweke. Jina nilishtaki lake yeye la kitambulisho, halafu pale mbele nikaandika "akifanya biashara kama" na jina la biashara, yule kijana wa saiba ndo alonambia niandike hivo nami nikamuona ajifanya mjuzi. Leo namuombea dua.

Sasa ngoja niwaambie kitu. Mpwangu anafanya kazi ya kuhudumu kwenye hoteli moja Nyali na yuwasema huyu bwana ndo huwawekea mziki na mapambo kila Ijumaa na Jumamosi. Tena mwezi wa kumi na mbili alifanya pati za maofisi pale karibu nne. Hiyo yahesabika?

karani_mstaafu

Hiyo ndiyo yenyewe bi mkubwa. Usimpigie simu kumtisha wala usimwambie mtu. Ukimwambia leo, kesho anakwenda kwa mhasibu wao kuomba alipwe haraka na wewe unabaki na amri ya kukamata hewa. Kwenye afidaviti yako, ile hati ya kiapo, utasema dikrii ni ya kiasi fulani, haijalipwa, na kwamba hoteli fulani inadaiwa pesa na mdaiwa wako, halafu useme habari hiyo umeipata wapi na kwa nini unaiamini. Mpwa wako akiwa na picha ya bango la mziki au ratiba iliyobandikwa ukutani jikoni, ambatisha. Ujue pia hoteli imesajiliwa kwa jina gani hasa, kwa sababu jina la kwenye geti na jina la kampuni mara nyingi si moja, tafuta kwenye risiti ya chakula utaliona pale juu au chini kabisa kwa herufi ndogo.

bibi_wa_mwembetayari

Kwani mpwa wake hatofukuzwa kazi jamani? Tufikirie na hilo.

mama_mahema

@bibi_wa_mwembetayari hata mimi nimeliwaza hilo. Ratiba ya mziki ipo kwenye ukurasa wao wa Facebook, wameibandika wenyewe na jina la biashara yake liko pale chini. Ntatumia hiyo, mtoto wa watu nisimtaje.

wakili_wa_kaskazi

Nimesoma yote na karani amesema vizuri, niongeze machache kwa haraka maana niko foleni ya feri na simu inakwisha moto.

Probox. Usifuate maneno ya kusikia, tafuta rekodi ya gari kwa nambari ya usajili, inapatikana kwenye mfumo wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari. Sheria ya trafiki inasema aliyesajiliwa ndiye anachukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa ni la mke na ukalikamata, mke ataleta pingamizi kortini na ukishindwa utalipa gharama zake. Ikiwa ni lake na alikuwa anakudanganya tu, hapo una mali ya kuuzika.

Mumuite aje ahojiwe. Hii watu hawaitumii na mimi huipenda sana, Amri ya 22 kanuni ya 35. Unaiomba korti imuite mdaiwa aje aape na aulizwe ana mali gani, nani anamdai na yeye anamdai nani, na alete vitabu na karatasi zake. Angekuwa ni kampuni unamuita hata mkurugenzi. Mtu aliyezoea kukujibu "ichemshe unywe" kwenye simu akisimama kizimbani na kuulizwa pesa za till huingia akaunti gani, sauti hubadilika. Na akidanganya, amedanganya chini ya kiapo.

Kufungwa. Si maneno ya baraza, lipo, lakini si kama watu wanavyolifikiria. Unaomba apewe notisi aje aeleze kwa nini asifungwe kwa kutolipa. Akija korti inaangalia kama ana uwezo na anakataa, au ameficha mali, au anapanga kukimbia. Mtu hafungwi kwa kuwa maskini, mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Asipokuja kabisa ndipo inatoka waranti ya kumkamata. Kifungo chenyewe hakipiti miezi sita, na hapa wengi hushtuka: pesa ya chakula chake humo ndani unaitoa wewe uliyemfungisha. Na akitoka deni bado liko palepale. Kwa hivyo ni fimbo ya kutishia zaidi kuliko ya kupigia.

Akijifanya sasa amekata rufaa, usibabaike. Kutoka korti ya madai madogo rufaa inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, si kuanza upya mambo ya viti vilivyovunjika, na siku zake za kufaili zimeshapita kwa hiyo itabidi aombe ruhusa kwanza. Na rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji, lazima aombe amri ya kusimamisha na hapo huulizwa ataweka dhamana gani.

Tena usilale. Mwaka ukipita tangu dikrii bila kutekeleza utalazimika kumpa notisi kwanza kabla ya chochote. Hukumu yenyewe inaishi miaka 12, kwa hivyo hata akipotea leo, siku atakaponunua kiwanja Mtwapa bado utakuwa na haki ya kumfuata.

mtu_wa_bara_na_pwani

Sawa nimeelewa, vijana wabaki maskani.

dere_wa_tuktuk

Nitaongea kama mtu wa upande wa pili, mnitukane mkitaka. Mimi ndiye nlikuwa mdaiwa. Nlichukua tairi na betri kwa mkopo dukani, mambo yakawa mabaya, nikashtakiwa na nikajifanya sijapata zile karatasi, kumbe siku hizi hata WhatsApp yakubalika kupelekea mtu karatasi za korti na zile alama mbili za buluu walizichapa wakazipeleka. Hukumu ikaja nikaipuuza vilevile.

Siku dalali alipokuja nlikuwa kazini. Nyumbani alikuwa mama mkwe, amekuja kutoka Malindi kumuangalia mjukuu, amekaa sebuleni akunja nguo. Dalali hakupiga kelele wala hakuvunja kitu, aliingia kwa adabu kabisa, akaomba maji, akaanza kuandika. Akamuuliza mama mkwe hii friji ni ya nani. Mama mkwe akajibu ni ya mwanangu nilimpa harusini. Nikarudi jioni nikaikuta ile karatasi imekunjwa vizuri juu ya meza na mama mkwe hazungumzi na mimi, anazungumza na mtoto tu, "mwambie baba yako chai iko jikoni". Siku saba nilizopewa sikuzihitaji, siku ya tatu nilikuwa nshauza simu nimekopa kwa ndugu na nimemaliza.

Nasema hivi kwa sababu @fundi_aluminiamu yeye ilimshinda, kwangu mimi ilifanya kazi, na mali yangu ukiiuza yote haikufika hata nusu ya deni. Inategemea mtu ana aibu au hana. Huyo wako anaejibu "ichemshe unywe" mie naona hana. Mfuate kwenye pesa.

fundi_aluminiamu

😂😂 mama mkwe ndiye dalali mwenyewe. Mimi wangu alikuwa mseja.

mama_mahema

Nimewasoma wote, hii ya mama mkwe nimecheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Kesho naanza na dikrii. Ntarudi kuwaambia inshallah.

bibi_wa_mwembetayari

Na wakati unangoja, mahema yako sasa unayatoaje? Maana mimi nakodisha masufuria tu na naogopa kuuliza watu karatasi, wataniona sina utu.

mama_mahema

Sasa nusu kabla gari halijatoka geti na nusu kabla halijashusha. Na daftari la nakala, mtu aandika jina na nambari ya kitambulisho. Walonuna ni wawili tu na wote wawili walikuwa wana deni langu la zamani.

mama_mahema (baada ya wiki saba)

Nimerudi. Samahani kwa kimya, kulikuwa na harusi tatu mfululizo.

Dikrii ilichukua siku kumi na kitu, ilirudishwa mara moja sababu nliandika kiasi bila zile gharama. Maombi ya ganishii nlisaidiwa na wakili mmoja kijana kwa ada ndogo, nliona hapo nisijifanye mjuzi. Amri ya muda ikatoka, mpeleka hati akaenda nayo pale hotelini siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Saa sita na robo simu yangu yalia. Ni yeye! Mtu ambae hajanipigia tangu mwaka jana. "Dada yangu, kwani haya mambo tulishindwa kuyazungumza sisi kwa sisi?" Mimi nlikuwa nahesabu viti na vijana, nikamwambia nipigie baadae niko kazini, nikakata. Mikono yatetemeka lakini nlikata.

Siku ya kusikilizwa hoteli walimtuma mhasibu wao na karatasi, hawakubishana hata kidogo, wakasema ni kweli yeye wanamlipa na wakati ile amri inafika walikuwa hawajammalizia 83,000. Yeye nae alikuwepo, akasema hiyo pesa ni ya kulipa vijana wake wa mziki na si yake peke yake. Akaulizwa ankara iko kwa jina la nani. Kanyamaza. Amri ikawa kamili na wiki iliyopita 83,000 zikaingia. Nliangalia ile meseji mara tatu, nikampa mume wangu nae asome.

Sasa bado kama 73,000 hivi, na zile gharama za juu juu. Hoteli nasikia bado wanamtumia ila sasa wanamlipa siku ileile, mjanja kashajifunza. Rekodi ya Probox niliitafuta, na mke hayumo! Gari ni la kaka mtu, yuko Voi. Kwa hivyo gari nimeliwacha.

Yeye mwenyewe kaja na ofa, elfu ishirini na tano kila mwezi kwa miezi mitatu, na safari hii kaja nayo kwa karatasi. @karani_mstaafu, ile sentensi ya kuwa akikosa moja zote zinadaiwa, yaandikwaje hasa kwa Kiswahili ieleweke? Na naruhusiwa kuendelea na yale maombi ya kumuita ahojiwe huku nangoja, au nikikubali awamu ndo nimejifunga?

karani_mstaafu

Alhamdulillahi bi mkubwa. Andika hivi: "Mdaiwa akikosa kulipa awamu yoyote kwa tarehe iliyowekwa, salio lote litadaiwa papo hapo na mdai atakuwa huru kutekeleza dikrii bila notisi nyingine." Tarehe ziwe kamili, usiandike "mwisho wa mwezi" maana ataanza kubishana mwezi unaisha lini. Na awamu ya kwanza ailipe kabla hujatia sahihi.

Mkishafaili, ile ya kumhoji iweke kando maadamu analipa kwa wakati. Lakini iwe imeshaandikwa, iko tayari, imebaki tarehe tu.

mama_mahema

Sawa. Namwambia aje Alhamisi na ishirini na tano ya kwanza taslimu. Na aje na kalamu yake.